Ua la Mumbua na Madebe Yangu ya Maji

Naikumbuka asubuhi ambayo shangazi yangu Syokau aliniambia, mbele ya wanawake wote waliokuwa mtoni, kwamba mimi ni mjinga mwenye cheti. Leo, mwanangu, baada ya miaka zaidi ya ishirini na tano, nimekuona wewe ukistahili maneno yayo hayo. Nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa nyuma na chai yangu. Nikakuona umetoka na ndoo, ukazunguka nyuma ya jikoni, ukamwaga maji yote kwenye chungu ya mchanga, lile rundo la mama yako. Kisha ukarudi kujaza nyingine. Ulikuwa na uso wa mtu aliyetenda wema, na uso huo ndio ulionikasirisha zaidi, kwa sababu umeurithi kwangu.

Kaa chini. Usiniambie kwamba ua lililo juu yake lilikuwa limekauka. Huu ni mwezi wa tisa na hapa ni Makueni, kila kitu kimekauka, hata mimi mwenyewe. Umelala hapa usiku mmoja tu na tayari umepata kitu cha kurekebisha.

Jana ulishuka kutoka Nairobi na uso mrefu, ukaniambia kwamba mke wako Mwende amekuwa kimya. Ukanihesabia kwa vidole yote uliyomfanyia. Umemnunulia jiko la gesi. Umemhamishia kwenye nyumba yenye maji ya bomba. Umempeleka kwa mchungaji azungumze naye, umemwita dada yako azungumze naye, umempatia kazi kwa rafiki yako, na bado ananyamaza. Mwishowe ukaniuliza, "Baba, nifanye nini kingine?" Sikukujibu, kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia. Asubuhi hii umenipa mahali pa kuanzia, ingawa umeniharibia ndoo mbili za maji.

Umekulia katika nyumba hii ukiiona ile chungu ya mchanga, wala hukuwahi kuuliza inafanya nini pale. Sasa nitakueleza. Mama yako yuko ndani anavaa, kwa hiyo nitasema haraka, kama mzee wa umri wangu anaweza kusema jambo haraka.

Mama yako Mumbua ni Mkamba kama sisi, lakini alizaliwa Kwale, karibu kabisa na bahari. Baba yake alikwenda huko akiwa kijana kutafuta kazi, akapata ya kulinda shamba la minazi, akakaa. Nyumba yao ilijengwa juu ya mchanga mtupu. Mbele ya mlango palikuwa na mmea unaotambaa chini, wenye jani nene lililopasuka kati kama unyayo wa mbuzi, na maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi na kujikunja jua likipinduka. Hakuna aliyeupanda na hakuna aliyeupalilia. Watu wa huko waliukanyaga wakienda zao. Mama yako aliliita ua la mchangani, nami sijawahi kujua jina lake jingine.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye harusi ya binamu yangu huko, na mwaka uliofuata tukaoana. Alikuja hapa na sanduku moja la bati na gunia dogo lililolowa maji. Ndani ya gunia mlikuwa na vipande vya mmea ule. Wiki ya kwanza nilimwuliza anataka nini kwa ajili ya nyumba. Nilitarajia aseme sufuria, au blanketi, au meza. Akasema anataka mchanga wa mtoni, mizigo minne ya punda.

Sasa wewe unajua watu wetu na mchanga. Huku kwetu mchanga ni wa kujengea, au ni kitu ambacho mafuriko hukumwagia shambani yakakuharibia mwaka mzima. Babu yako alichimba matuta maisha yake yote ili udongo mzuri usiondoke. Hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyewahi kubeba mchanga kwa punda akaumwaga pale anapotaka kitu kiote. Mama yako aliumwaga kwenye ukuta wa magharibi, mahali ambapo jua la mchana huchoma hadi kuku wakapakimbia, akapanda vipande vyake pale, akanyunyiza maji siku tatu za kwanza, basi. Majirani walikuja kuangalia. Wengine walicheka wakiwa bado kwenye lango.

Nami niliona aibu. Nilikuwa mwalimu, mwanangu, na si mwalimu tu. Nilikuwa mwalimu msimamizi wa shamba la shule. Bwana shamba alikuwa amenisifu barazani kwa ajili ya mahindi yangu na sukuma wiki yangu. Nilitembea na daftari dogo mfukoni lenye ratiba ya kila kitu, lini kupalilia, lini kutia samadi. Na nyumbani kwa mtu wa namna hiyo, mgeni akifika, kitu cha kwanza alichokiona ni mchanga.

Lakini ua halikuwa kitu pekee nilichotaka kurekebisha. Kikamba cha mama yako kilikuwa cha Wakamba wa pwani, chenye maneno ya kule, na watoto wa hapa walikicheka. Basi nikawa namsahihisha. Nilimsahihisha mezani, nilimsahihisha njiani, nilimsahihisha mbele ya wageni, na nilifanya hivyo kwa upendo, jambo ambalo hata sasa likinijia nikiwa peke yangu huwa natikisa kichwa. Vilevile alikuwa na tabia ya kuamka mapema, kutoka na kikombe chake, na kukaa karibu na ule mchanga bila kusema neno mpaka maua yafunguke. Nami nilimfuata kila asubuhi. "Unawaza nini? Kuna nini? Nani amekuudhi?" Akijibu kwamba hakuna kitu, nilimwuliza tena kwa njia nyingine. Baada ya miezi michache aliacha kutoka asubuhi. Niliona hayo kuwa maendeleo, nikamshukuru Mungu.

Mwezi kama huu wa tisa ikaja barua kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Nilimsindikiza hadi stesheni ya Emali. Tukiwa tunangoja gari la moshi alinigeukia.

"Mwalimu, nakuomba jambo moja. Lile ua langu usilifanyie kitu."

"Nitalitunza," nikasema.

"Sikusema ulitunze. Usilihamishe, usilipalilie, usilinyweshe maji. Liache tu."

"Hata maji?"

"Hata maji. Nikirudi nikalikuta liko hai, nitajua kwamba kuna kitu changu kinachoweza kuishi huku kwenu."

"Na usipolikuta?"

Aliangalia upande gari litakapotokea. "Basi nitakuwa nimejua vilevile."

Akapanda, akaenda. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Mke wangu hakuwa ameniahidi kwamba atarudi. Alichoniachia ni ule mmea, na katazo la kuugusa.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usicheke kabla sijamaliza. Wiki moja niliuacha. Nilipita pale asubuhi na jioni mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Majani yalikuwa na vumbi, mengine yamegeuka manjano pembeni. Ua moja hapa, mawili pale. Nikajiambia, likifa, mke wangu harudi. Nikajiambia tena kwamba yeye ni mtu wa pwani, hajui ukame wa huku, na kwamba angejua angenishukuru. Jumamosi ya pili nililing'oa.

Nilichimba bustani nzuri mbele ya nyumba. Nilichagua udongo mwekundu kutoka tuta la juu, nikauchanganya na samadi ya mbuzi, karai kwa karai, nikazungushia ua wa vijiti, nikatandaza nyasi juu ili unyevu usitoke. Kisha nikaanza kunywesha. Madebe mawili kila siku, baadaye manne. Na likaitika, mwanangu, hilo ndilo lililonimaliza. Liliruka. Majani yakawa makubwa kama kiganja changu, mikono yake ya kutambaa ikajaza bustani nzima. Nilimleta mwalimu mkuu aje aone. Maua tu ndiyo hayakuja, hata moja. Nikaongeza samadi. Halafu nikakumbuka kwamba mti wa kahawa hupogolewa ndipo uzae vizuri, nikachukua panga nikakata ncha zote, nikazitupa nyuma ya jikoni, juu ya chungu ya mchanga niliyokuwa nimeleta kwa ajili ya kupiga plasta kuta za nyumba.

Shangazi Syokau alikuwa dada mkubwa wa babu yako, mjane aliyerudi kuishi boma hili. Maneno yake yalikuwa machache na hakuna hata moja lililokuwa na sukari. Siku ile ninayoikumbuka tulikutana mtoni. Unajua mto wetu wakati wa kiangazi, mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Mwezi wa kumi ule wanawake walikuwa wamechimba kisima cha mchangani kirefu kuliko mtu, mmoja ameingia ndani anakinga maji kwa kibuyu, kidogo kidogo, na wengine wamekaa foleni tangu alfajiri. Nikafika na punda na madebe manne. Kwa kuwa ni mwalimu, walinipisha.

Shangazi alingoja madebe yajae. Ndipo akauliza, "Mwalimu, haya maji yote ni ya kunywa?"

"Ni ya kunyweshea, shangazi."

"Mbuzi?"

"Maua."

Hakuna aliyecheka. Yule mama aliyekuwa kisimani alitoa kichwa kuniangalia.

"Maua ya Mumbua," akasema shangazi. "Yeye alikwambia uyanyweshe?"

"Aliniambia niyaache."

"Na wewe ukasikia nini?"

"Nilisikia hivyo hivyo, shangazi. Lakini yeye hakusomea kilimo."

Hapo ndipo aliposema kwamba mimi ni mjinga mwenye cheti. Hakupaza sauti. Alishusha madebe mawili kutoka kwa punda wangu, akampa mama mwenye mtoto mgongoni, akanionyesha njia ya kurudi nyumbani. Nilienda huku masikio yanawaka. Ungedhani nilijifunza. Kesho yake nilianza kwenda mtoni mchana wa jua kali, saa ambayo najua shangazi amepumzika.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaja, na ile mvua ndiyo iliyonionyesha kazi yangu. Ule udongo wangu mzuri ulijaa maji na samadi ukawa uji. Majani makubwa yakalegea. Shina likawa jeusi, ukilibonyeza linatoa maji yenye harufu mbaya. Nilichimba mfereji, nikatia majivu, nikafunika kwa gunia, nikafunua. Nilifanya kila kitu kilichokuwa katika daftari langu na vingine ambavyo havikuwamo. Katika siku tisa ua la mchangani likawa limekufa lote.

Siku ya kumi ikaja barua ya mama yako. Mama yake amezikwa. Yeye atashuka Emali Jumamosi asubuhi. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Sitakuficha nilichofanya baadaye, maana nimekaa nacho peke yangu muda mrefu. Kando ya barabara ya kwenda relini kulikuwa na mmea mwingine unaotambaa kwenye ua wa miiba, nao una maua ya zambarau. Nilikwenda na jembe siku ya Alhamisi, nikauchimba, nikauleta nikaupanda katika ile bustani. Nilitaka kumdanganya mke wangu aliyefiwa na mama yake. Nikasimama kando nikiangalia kama unafanana.

Shangazi Syokau akaja na fimbo yake, akainama. "Hili jani ni la wapi?"

"Ni lile lile, shangazi."

"Mwalimu, mimi nimechunga mbuzi miaka sitini. Unyayo wa mbuzi naujua." Akainuka. "Unamdharau hivyo?"

Nilichukua sepetu na karai nikaenda nyuma ya jikoni, nikifikiri kwamba nitajaza tena mchanga pale kwenye ukuta wa magharibi, ili angalau akute mahali pake pamesafishwa. Fundi wa plasta alikuwa aje Jumatatu kuanza kazi na mchanga utakaobaki. Niliinua sepetu.

"Weka hiyo sepetu chini," akasema shangazi nyuma yangu. "Zunguka upande ule."

Nilizunguka. Upande wa magharibi wa ile chungu, ambako huwa sipiti, vile vipande nilivyokata na kutupa vilikuwa vimeota. Mikono miwili mirefu ilikuwa imetambaa hadi juu, imeshika mchanga kila pingili. Majani madogo, manene, yenye vumbi. Na maua matatu yalikuwa yamefunguka.

Nilikaa pale pale mchangani nikalia, mwanangu, nakwambia waziwazi. Nilipoweza kusema nilimwuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelimwagilia."

Nilikasirika. Nikajitetea moyoni, ingawa alisema kweli. Hata pale nilipokaa nilikuwa tayari nafikiri kwamba ule mkono wa kushoto ungehitaji kijiti cha kuuegemea. Nikamwuliza nifanye nini sasa. Alipumua kama mtu aliyebeba kuni nyingi.

"Hilo ndilo swali lako la kila siku. Jumamosi nenda kamlaki mkeo. Na ukifika naye hapa, funga mdomo."

Nilimtumia fundi ujumbe asije. Kuta zetu zilikaa bila plasta mpaka wewe ulipoanza kutembea, na watu wakadhani mwalimu ameishiwa.

Jumamosi gari la moshi lilifika mapema. Mama yako alishuka amefunga kitambaa cheusi, amekonda, macho yamevimba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumfariji, kwa mpangilio. Nikabeba sanduku lake nikayameza yote. Tulitembea hadi nyumbani tukisema habari za njia tu.

Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa magharibi, akakuta mchanga na shimo. Akarudi mbele ya nyumba, akaiona bustani yangu, vijiti vyangu, na ule mmea wa barabarani ambao tayari ulikuwa umenyauka. Akaniangalia. Shangazi alikuwa ameniambia nifunge mdomo, lakini hapo niliona kwamba kunyamaza nako kutakuwa uongo.

"Nililihamisha," nikasema. "Nikalitia samadi, nikalinywesha, likaoza. Huo uliopo hapo nimeuchimba kando ya barabara ili nikudanganye."

"Nilikuomba ufanye nini, Mwalimu?"

"Uliniomba nisifanye kitu."

"Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sikukuachia likizo."

Hakupaza sauti. Angepaza ningefurahi. Akainama akashika mkono wa sanduku lake nililokuwa nimeliweka chini, na kwa kitambo kidogo nilijua kabisa kwamba anarudi stesheni. Nilifungua mdomo nimzuie. Sijui ni nini kilichonifanya niufunge tena. Pengine ni uchovu.

Shangazi Syokau alimwita kutoka jikoni. Mama yako akaacha sanduku akaenda, kwa kuwa mwanamke mzee akiita lazima umwamkie. Nilisikia salamu, nikasikia wakipeana pole. Nilipozunguka nilikuta shangazi ameshaondoka. Alikuwa ameweka kigoda mbele ya ile chungu ya mchanga, na mama yako amekikalia, mikono magotini, anaangalia maua yake.

Nikakaa chini, mbali kidogo. Sikumwuliza anawaza nini. Mwanangu, hakuna debe la maji lililowahi kunichosha kama ile saa. Maswali yalinijaa. Je, amenisamehe? Anataka chai? Nimwite mchungaji? Nilishika daftari mfukoni nikalibana. Jua likapanda. Maua yakaanza kujikunja kama yanavyofanya.

Ndipo akasema, bila kugeuka, "Mama alitaka kukuona. Aliniuliza wewe ni mtu wa namna gani."

Ulimi wangu uliwasha. Nikanyamaza.

"Nikamwambia ni mtu mwema, lakini hachoki." Akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akasema tena, "Nina mimba, Mwalimu."

"Tangu lini?" Hilo lilinitoka.

"Tangu kabla sijaondoka. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaniandikia ratiba."

Akanigeukia, akaona mkono wangu uko mfukoni kwenye daftari, na akacheka. Alicheka huku analia, na nami vivyo hivyo. Mimba ile ilikuwa wewe. Ungeweza kuzaliwa Kwale, ukamjua baba yako kwa jina tu, kwa sababu ya samadi.

Basi sasa nikwambie ninachotaka kukwambia, na unisikilize mpaka mwisho. Jana umenitajia mambo mengi uliyomfanyia Mwende. Sikusikia hata moja ambalo yeye aliliomba. Lipo moja tu, na ulilipitia haraka haraka: kwamba alitaka kwenda kwao Mutomo wiki moja, na ukamwambia barabara ni mbaya, ukamnunulia jiko la gesi. Anaweza kupika juu ya jiko hilo miaka kumi na asikuambie neno. Alichokuomba ni wiki moja.

Sisemi mtu akae tu. Najua utanishika hapo, wewe ni mwanangu. Maharagwe yanataka jembe, mtoto mgonjwa anataka hospitali, na paa linalovuja halingoji tafakari. Ninachosema ni kwamba kabla hujaleta maji, uulize kwanza kama huyu ana kiu, na akikujibu, umwamini. Akikuambia hapana, usidhani hajui haja yake kwa sababu hakusomea. Mpe alichoomba, kwa kiasi alichoomba, hata kama kwako kinaonekana kidogo au hakina maana. Kisha vumilia ule muda mbaya wa kukaa bila la kufanya. Mimi sikuupenda wakati ule na siupendi mpaka leo. Nakwambia hivi ili usidhani ni kipaji nilichozaliwa nacho.

Kimya cha mke wako usikifanye kidonda cha kila mtu kuja kubonyeza. Mchungaji apumzike, dada yako apumzike. Rudi Nairobi leo, umsindikize Mwende hadi kwenye basi la Kitui la kwenda kwao, umbebee mzigo, na asipokuambia anarudi lini, usimwulize mara ya pili. Utaogopa. Hata mimi niliogopa.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe nyumba yenye watu wanaosema wakitaka kusema. Aipe mikono yako kazi ya kutosha, na siku isipokuwa na kazi, aitulize. Mwende akapate kitu chake kinachoota kwako, na wewe ukakione bila kukigusa. Na shangazi Syokau, huko aliko, akusamehe zile ndoo mbili, maana mimi bado.

Mama yako huyo anatoka na kikombe chake. Usimwambie chochote, ataona mchanga umelowa na atajua ni nani. Miaka yote hii amekuwa akikaa pale kila asubuhi mpaka maua yafunguke, nami hukaa hapa mlangoni. Sijamwuliza tena anawaza nini. Siku nyingine huniambia mwenyewe.